Matairi ya Noah, Canter na bodaboda: uzito, joto na umri kabla ya meno

Swali: Shikamoo mtaalamu. Naishi Kibaigwa, wilaya ya Kongwa. Nina Toyota Noah inayokwenda Dar es Salaam mara kwa mara ikiwa na familia na mizigo, Canter inayokusanya mahindi vijijini na kuyaleta sokoni, na pikipiki ambayo mwanangu anaifanyia bodaboda. Hivi karibuni tairi la nyuma la Noah lilipasuka karibu na Gairo, mchana, tukiwa watu saba, Mungu alitunusuru. Tairi lile nililinunua la mtumba kutoka Japani na meno yake yalikuwa karibu mapya. Fundi mmoja ananiambia nijaze upepo mwingi, mwingine anasema niupunguze kwa sababu ya joto la huku kwetu. Ninunue matairi gani kwa kila chombo, na niyatunze vipi?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu, na poleni kwa yaliyowapata. Nitaanza na lile tairi lililopasuka, kwa sababu mengi unayotakiwa kuyajua kuhusu vyombo vyako vyote vitatu yamo ndani yake.

Umesema meno yake yalikuwa karibu mapya, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Meno hukuonyesha tairi limetembea kiasi gani, lakini hayakuonyeshi lina umri gani, limewahi kubeba mzigo gani, wala kama liliwahi kukimbizwa bila upepo wa kutosha. Mpira huzeeka hata tairi likiwa limetundikwa dukani, kwa sababu hewa ya oksijeni hupenya ndani yake taratibu na kuufanya mgumu, hasa katika tabaka jembamba linaloshikanisha mikanda ya nyaya za chuma iliyo chini ya meno. Tabaka hilo likishakauka, kinachosubiriwa ni joto. Siku ambayo mzigo ni mkubwa, mwendo ni mkali na jua ni la saa nane mchana, mikanda huanza kuachana, na tairi hubanduka au kupasuka ghafla ingawa kwa macho lilikuwa zima.

Umri huo umeandikwa ubavuni. Tafuta herufi DOT, kisha ufuate mstari wake mpaka mwisho, utakuta tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa katika wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wakati mwingine tarakimu hizo huandikwa upande mmoja tu, na fundi akalifunga tairi upande huo ukiwa ndani, kwa hiyo mwambie akuonyeshe kabla hajalipachika kwenye ringi. Watengenezaji wengi hushauri tairi lililotumika miaka mitano likaguliwe na mtaalamu kila mwaka, na litolewe likifikisha miaka kumi tangu kutengenezwa hata kama lina meno. Baadhi ya watengenezaji wa magari wanasema miaka sita. Uingereza, ambako jua si kali kama letu, tangu Februari 2021 ni marufuku kwa lori au basi kuwa na tairi lililozidi miaka kumi katika ekseli ya mbele. Kwa gari la abiria linalopita Dodoma na Morogoro mchana, mimi nashauri usivuke miaka sita, na usinunue tairi ambalo tayari limevuka mitatu.

Kwa matairi ya mtumba kutoka Japani kuna jambo la pili ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Sehemu kubwa ya Japani hupata theluji, na wenye magari huko hufunga matairi ya majira ya baridi kisha huyavua hali ya hewa ikibadilika. Matairi hayo hutengenezwa kwa mpira laini sana na meno yaliyokatwakatwa kwa vijistari vyembamba vingi ili yang'ang'anie barafu. Mengine hufika kwetu yakiwa na meno marefu ya kupendeza, na bei yake ni nafuu. Juu ya lami yenye joto mpira ule hulegea, gari huyumba linapokata kona, breki huchukua umbali mrefu zaidi na meno huisha upesi. Ukiona ubavuni neno STUDLESS, au mchoro wa mlima wenye chembe ya theluji ndani yake, au majina kama Blizzak na iceGUARD, liache hapo hapo hata kama ni la mwaka jana. Matairi hayo ni mazuri kwa kazi yake, na kazi yake haipo Kibaigwa.

Sasa tuje kwenye uzito. Kama Noah yako ni ya muundo ulioanza mwaka 2001, huenda inatumia 195/65R15 91S. Tarakimu 195 ni upana kwa milimita, 65 ni kimo cha ubavu kikiwa asilimia ya upana huo, R inaonyesha kwamba ni tairi la radial, ambalo mafundi huliita la waya, na 15 ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Watu huishia hapo. Lakini ile 91 ndiyo inayosema tairi moja linaruhusiwa kubeba kilo 615, na S inasema mwendo wake wa juu kabisa ni kilomita 180 kwa saa. Muuzaji akikosa saizi yako akakupa 185/65R15 yenye alama 88, litaingia kwenye ringi bila shida, lakini uwezo umeshuka mpaka kilo 560 kwa kila tairi. Noah tupu ina uzito wa takriban tani moja na nusu. Ongeza watu saba, gunia la unga na lile la mchele nyuma ya viti, na madumu ya mafuta ya alizeti ya kupeleka Dar, kisha ukumbuke kwamba sehemu kubwa ya mzigo huo inaangukia matairi mawili ya nyuma. Unaweza kupanda kwenye alama kubwa kuliko iliyoandikwa na mtengenezaji wa gari. Kushuka chini yake usikubali hata siku moja.

Kilo 615 zenyewe zina sharti, nalo ni upepo. Mpira na nyaya ni chombo cha kuushikilia upepo, na upepo ndio unaobeba gari. Tairi la alama 91 hubeba kilo zile likiwa na takriban PSI 36, na PSI ndicho kipimo cha upepo unachokisoma kwenye geji. Ukiliacha lishuke mpaka PSI 26, uwezo wake hupungua kwa zaidi ya kilo mia moja, na kwa macho hutaona tofauti kubwa, maana tairi la radial hutuna kidogo chini hata likiwa na upepo sahihi. Kinachotokea ndani ni kwamba ubavu hukunjwa na kunyooshwa kila gurudumu linapozunguka, mamia ya mara kwa kila dakika, na kukunjwa huko huzaa joto ambalo halipati nafasi ya kutoka.

Kwa hiyo yule fundi anayesema upunguze upepo kwa sababu ya joto amekupa ushauri wa hatari, ingawa najua ni imani iliyoenea sana katika vituo vya mabasi na malori. Ni kweli kwamba geji hupanda tairi likipata moto, karibu PSI moja na nusu kwa kila nyuzi 10 za joto, na baada ya mwendo mrefu tairi linaweza kusoma PSI nne hadi sita zaidi ya asubuhi. Mtengenezaji alishaliweka jambo hilo katika hesabu zake. Ukitoa upepo tairi likiwa la moto, asubuhi utakuta liko chini ya kipimo, na safari ya siku hiyo litakunjika zaidi na kupata moto zaidi kuliko jana. Mwaka 2000 nchini Marekani kampuni ya Firestone iliyarudisha matairi yapatayo milioni 6.5, mengi yakiwa ya magari ya Ford Explorer, baada ya meno kubanduka barabarani na kusababisha vifo vingi. Yalikuwapo malumbano marefu kuhusu kosa la nani, ubora wa matairi au gari lenyewe, lakini malalamiko yalijaa zaidi katika majimbo ya joto kama Arizona, Texas na Florida, na moja ya hoja kuu ilikuwa kwamba PSI 26 iliyopendekezwa kwa gari lile ilikuwa imeacha nafasi ndogo mno kwa mzigo, mwendo na joto kukutana kwa wakati mmoja.

Yule anayesema ujaze mwingi hakukosea sana, ila hana kipimo. Kipimo kiko kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na kwa magari ya Japani mara nyingi kimeandikwa kwa kPa. Gawanya kwa 6.9 upate PSI, hivyo 230 kPa ni kama PSI 33. Mkiwa mmejaa na safari ni ndefu, ongeza PSI tatu au nne kwa matairi ya nyuma. Usiifuate namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, kwa sababu hiyo ni kikomo cha tairi lenyewe na haikulijua gari lako. Tairi lililozidishiwa upepo hugusa barabara kwa katikati tu, hudunda kwenye mashimo na kupoteza breki kwenye mvua.

Pima asubuhi kabla gari halijatembea, au likiwa limesimama kwa muda wa saa tatu au zaidi, na ununue geji yako mwenyewe, kwa sababu geji nyingi za kwenye kompresa za barabarani zimeangushwa mara nyingi mno. Kwa safari zako kuna jambo jingine dogo: Dodoma mjini iko mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, na huko Kongwa pia mko juu, hivyo mkishuka pwani tairi lile lile litasoma PSI moja au mbili pungufu likiwa limepoa, bila kuvuja. Pima tena Dar kabla ya kugeuza. Kuhusu gesi ya nitrojeni wanayoiuza baadhi ya vituo mijini, hewa ya kawaida tayari ni asilimia 78 nitrojeni, kwa hiyo fedha hiyo nunulia geji.

Kwa Noah, basi, nunua matairi mapya ya lami ya saizi yako, yenye alama 91 au zaidi. Tangu kiwanda cha General Tyre cha Arusha kisimame na kile cha Sameer cha Nairobi kifungwe mwaka 2016, matairi mengi tunayoyapata huja kwa meli na kukaa maghalani, kwa hiyo neno "jipya" la muuzaji ulihakikishe kwa zile tarakimu nne. Kama fedha inakulazimisha kuchagua kati ya tairi maarufu la Japani lenye miaka saba na tairi jipya la Kichina la bei ya kati lenye miezi minane, chukua la Kichina. Kama inatosha mawili tu, nunua mawili na uyafunge nyuma. Madereva wengi huyapeleka mbele kwa sababu ndiko kuna usukani, na kwa Noah nyingi ndiko kuna injini na nguvu ya kuvuta pia, lakini gari linaloteleza mbele dereva hulihisi mapema na kulipunguza mwendo, ilhali linaloteleza nyuma huzunguka kabla hajajua afanye nini. Alama ndogo za mpira zilizo ndani ya mifereji ya tairi zina kimo cha milimita 1.6, na meno yakifika usawa wake tairi limekwisha. Lakini kwa mvua za masika kati ya Chalinze na Dar ningelitoa likiwa na milimita tatu, kwa sababu mifereji mifupi hushindwa kuyatoa maji na gari huelea.

Na kama tairi likipasuka tena, Mungu aepushe, dereva asikanyage breki. Ashike usukani kwa mikono miwili, alinyooshe gari, aondoe mguu kwenye mafuta taratibu, aache mwendo upungue wenyewe, ndipo atoke kando.

Canter ni habari tofauti. Nyuma ina matairi mawili mawili, na ndiyo maana ubavuni utakuta alama mbili, kwa mfano 7.50R16 yenye 122/118: kilo 1,500 likifungwa peke yake na kilo 1,320 likifungwa na mwenzake. Upungufu huo upo kwa sababu mawili yaliyofungwa pamoja hayagawani mzigo sawasawa na hupashana joto. Lile la ndani ndilo linaloteseka, maana halionekani, vali yake ni ngumu kufikika, na likiisha upepo mwenzake hubeba mzigo wote kimya kimya mpaka naye apasuke au moto uwake. Mwambie dereva apime yote sita kwa geji kila asubuhi ya kazi, kwa sababu kupiga tairi kwa chuma na kusikiliza mlio hakuwezi kutofautisha PSI 90 na PSI 60. Mawili ya upande mmoja yawe ya saizi moja, aina moja, na vipenyo vyao visitofautiane zaidi ya milimita sita. Ukilifunga jipya pamoja na kipara, jipya ndilo litakalobeba gari. Kila anaposhuka kwenye barabara ya changarawe atazame kama kuna jiwe limenasa katikati yake, kwa kuwa jiwe hilo hukata bavu mbili kwa wakati mmoja.

Kwa njia zake nakushauri matairi ya radial mbele na nyuma, meno ya mistari kwa mbele na meno ya mapande kwa nyuma. Matairi ya nyuzi, yaani yasiyo ya radial, yana bavu nene na huvumilia mawe kwa mwendo mdogo, lakini hupata moto haraka kwenye lami, na kuyachanganya na radial katika ekseli moja ni kosa kubwa kwa sababu hukunjika tofauti. Msimu wa mvua, udongo mweusi wa mbugani ukijaza mifereji, hata meno makubwa hayatasaidia gari lililojazwa kupita kiasi. Hapo ni kupunguza magunia au kusubiri njia ikauke. Najua wapo wanaopunguza upepo kupita matope na mchanga, na kwa Land Cruiser tupu inayotembea polepole ni jambo sahihi mradi upepo urudishwe kabla ya lami. Kwa Canter yenye mahindi usiliruhusu.

Utakutana pia na wanaochonga vipara kwa kisu cha moto ili vipate mifereji mipya. Yapo matairi ya malori yaliyotengenezwa yakiwa na mpira wa ziada wa kuchongwa, nayo huandikwa REGROOVABLE. Tairi lisilo na neno hilo likichongwa, kisu kimepunguza kile kidogo kilichobaki juu ya nyaya. Kuvisha tairi meno mapya kiwandani ni kazi ya heshima ikifanywa na karakana inayokagua mwili wa tairi kwanza, na matairi ya aina hiyo yanafaa kwa ekseli ya nyuma ya lori. Mbele usiyafunge.

Pancha nazo ziwe na mpaka. Tundu la msumari katikati ya meno, lisilozidi milimita sita, huzibwa vizuri kwa kulivua tairi na kuweka kiraka chenye shina kutoka ndani, na fundi akishalivua atazame kama kuna unga mweusi wa mpira ndani, ambao ni dalili kwamba tairi lilikimbizwa bila upepo na bavu zimekwisha. Kamba inayosukumwa kutoka nje ikufikishe nyumbani tu. Tundu la ubavuni halizibwi, nundu haitibiki, na kutia tyubu ndani ya tairi la tyubulesi lililochanika ni kuficha jeraha ambalo litaendelea kukua.

Kila kilomita 8,000 hadi 10,000 hamisha matairi ya Noah, ya mbele yaende nyuma na ya nyuma yaje mbele, isipokuwa kama hayo ya mbele yamelika sana. Ulaji wake utakueleza gari lina shida gani: likilika kingo zote mbili lilikosa upepo, likilika katikati lilizidishiwa, likilika upande mmoja kapimishe alaimenti na ukague bushi, na likiwa na mabonde mabonde kwa kuzunguka shokapu zimechoka au halikufanyiwa balansi. Baada ya kufunga gurudumu lolote, hasa la Canter, nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Tairi la akiba lipimwe pamoja na mengine, nalo lina tarakimu nne kama wenzake. Kwenye Noah nyingi za mtumba bado ni lile lililokuja na gari tangu kiwandani.

Pikipiki ya mwanao nimeiweka mwisho lakini ndiyo yenye nafasi ndogo kuliko zote ya kukosea, kwa kuwa ina magurudumu mawili tu. Kama ni Boxer, mara nyingi hufungwa 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma. Nyuma ndiko abiria na mzigo hukaa, na kitabu cha pikipiki hutoa vipimo viwili vya upepo kwa tairi hilo, cha dereva peke yake na cha dereva na abiria; bodaboda afuate kile cha abiria siku zote. Afuate mshale wa ubavuni tairi linapofungwa, na asiliweke la nyuma mbele eti lina meno makubwa, kwa sababu la mbele limechorwa kwa ajili ya kushika njia na breki. Likichakaa la mbele libadilishwe kwanza hata kama la nyuma ni kipara zaidi, maana pancha ya nyuma humpa dereva sekunde chache za kuimiliki pikipiki, na ya mbele mara nyingi haimpi. Kila anaponunua tairi anunue na tyubu mpya ya saizi ile ile, kwa kuwa tyubu ya zamani imeshatanuka, na ikikunjwa ndani ya tairi jipya itatoboka mahali ilipojikunja.